British History Online kwa anayeandika historia ya kijiji: tathmini kutoka Dodoma

Anayetaka kuona namna historia ya kipande kidogo cha ardhi inavyoandikwa mpaka ikasimama yenyewe, aingie British History Online. Tovuti hii tunaipa nyota nne kati ya tano. Sehemu kubwa ya maandishi yake husomwa bure, bila kujisajili, na kwa kazi ya kijiji hakuna maktaba ya mtandaoni tunayoiweka juu yake. Nyota ya tano imeipoteza kwa mapengo tutakayoyaeleza mbele.

Tathmini hii ni ya watu wa hapa wenye kazi hiyo mikononi: mwanafunzi wa historia UDOM au St John's, anayesomea serikali za mitaa Hombolo, anayesomea mipango pale Chuo cha Mipango, na mtendaji wa kijiji aliyetakiwa na mkutano mkuu aandike asili ya kijiji wazee wangalipo. Tumeipima tovuti kwa jambo moja tu: je, inamsaidia mtu kuelewa eneo dogo kuliko parokia, lile ambalo kaskazini mwa England liliitwa taunishipu?

Kwanza taunishipu yenyewe, maana bila kuielewa utapotea. Kusini mwa England parokia nyingi zilikuwa ndogo, kijiji kimoja na kanisa lake. Kaskazini zilikuwa pana mno. Parokia ya Whalley, kaunti ya Lancashire, ilikuwa na taunishipu zaidi ya 40 ndani yake. Msimamizi mmoja wa maskini hakuweza kuhudumia eneo la namna hiyo, kwa hiyo sheria ya 1662 iliruhusu taunishipu za kaunti za kaskazini ziteue wasimamizi wao na kutoza kodi yao ya kuwalisha maskini. Tangu hapo kila taunishipu ilikuwa na daftari lake, viongozi wake na mpaka wa kugombania, kwa sababu mpaka ndio ulioamua nani atamlisha mjane huyu au yatima yule. Mwaka 1866 sheria nyingine ikayafanya maeneo yote yaliyojitoza kodi hiyo kuwa parokia za kiraia, yaani za utawala, si za kanisa. Mwaka 1894 parokia za vijijini zenye watu 300 na zaidi zikapewa mabaraza ya kuchaguliwa, na nyingi zilizo ndogo kuliko hizo zikabaki na mkutano wa wakazi. Anayejua tofauti ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu hatapata shida hapa.

Tovuti ilifunguliwa 2003 na Taasisi ya Utafiti wa Historia ya Chuo Kikuu cha London pamoja na History of Parliament Trust. Ina vitabu vingi vya kila aina, lakini kwa kazi ya vijiji hazina yake ni Victoria County History, ambayo kila mtu huiita VCH. Mradi huu ulianza 1899 kwa nia ya kuandika historia ya kila kaunti ya England, parokia kwa parokia, na mpaka leo haujaisha.

Wengi hukwama kwenye kutafuta. Ukiandika jina la taunishipu kwenye kisanduku cha kutafutia, unajipa kazi ya bure. Chukua Kenyon, taunishipu ndogo ya Lancashire. Kenyon ni jina la ukoo pia, kwa hiyo watu watakufunikia mahali. Pita mlangoni: fungua orodha ya vitabu, chagua VCH, kisha kaunti ya Lancashire, kisha juzuu ya 4, iliyotoka 1911 chini ya wahariri William Farrer na J. Brownbill. Humo tafuta parokia ya Winwick, na chini yake utaona taunishipu zake, Kenyon ikiwamo. Ngazi ni kaunti, handredi (wilaya ya kale), parokia, taunishipu, na lazima uijue parokia mama kabla hujaanza. Kama huijui, ingia kwanza Vision of Britain, tovuti ya Chuo Kikuu cha Portsmouth, uandike jina la mahali. Itakuonyesha lilikuwa ndani ya nini, na tangu lini hadi lini.

Ukishafika kwenye taunishipu usisome ukurasa huo peke yake. Katika juzuu za Lancashire habari za kanisa, mapadri na sadaka za wasiojiweza zimewekwa kwenye utangulizi wa parokia nzima. Tumeona kazi za wanafunzi zikidai kwamba mahali fulani "hapakuwa na kanisa wala msaada kwa maskini" kwa sababu tu mwandishi hakurudi nyuma kurasa chache.

Ukurasa wa taunishipu una mpangilio wake. Hapo juu zinatajwa tahajia za kale za jina, kila moja na mwaka wake. Linafuata eneo kwa ekari, idadi ya watu wa sensa ya 1901, na sura ya nchi: mto upite wapi, barabara itoke wapi iende wapi, udongo wa namna gani. Halafu linakuja fungu refu kuliko yote, milki ya bwana mwenye ardhi na jinsi ilivyorithiwa karne hadi karne. Ukipita juu juu utachoka. Ukisoma tanbihi ndipo utaona thamani yake. Mstari mmoja wa habari unaweza kubeba tanbihi ya mistari kumi: kesi ya mahakamani, wosia, uchunguzi uliofanywa mtu alipokufa, orodha ya waliolipa kodi ya majiko. Hakuna dai linaloachwa uchi. Kwa mtu wa hapa hilo ndilo la kujifunza kwanza, kwamba hata shamba la mtu mmoja mwenye ng'ombe wawili linaweza kuandikwa kwa ushahidi.

Sasa mitego, na hapa twende taratibu kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Vipimo vya ardhi. Ekari moja ina rudi 4, na rudi moja ina pachi 40, kwa hiyo ekari ni pachi 160. Ukikuta shamba limeandikwa 12a. 2r. 20p., maana yake ni ekari 12, nusu ekari, na sehemu moja ya nane ya ekari: jumla 12.625. Zidisha kwa 0.4047 upate hekta, hapo ni kama 5.1. Wengi husoma "12.2" na kuendelea. Kibaya zaidi, Cheshire na Lancashire zilikuwa na ekari zao za kienyeji. Ekari ya sheria ni yadi za mraba 4,840. Ya Lancashire ilikuwa 7,840 na ya Cheshire 10,240. Mkataba wa karne ya 17 unaosema ekari 100 za Cheshire unazungumzia karibu ekari 212 za sheria, kama hekta 86. Anayesahau hili humfanya mkulima mkubwa aonekane wa kati. Ukiona waraka wa kabla ya karne ya 19 usiosema ni ekari ipi, iandike kama ilivyo na useme wazi kwamba kipimo hakikutajwa.

Fedha ni rahisi: pauni 1 ni shilingi 20, shilingi 1 ni peni 12, na hali ilikuwa hivyo mpaka Februari 1971.

Tarehe ndizo zinazoumiza. Nyaraka za kale huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme. Mwaka wa 14 wa Edward III si 1314 wala kitu kinachofanana nacho. Edward III alianza 25 Januari 1327, hivyo mwaka wake wa 14 unaanza 25 Januari 1340 na kuishia 24 Januari 1341. Juu ya hayo, mpaka 1751 mwaka mpya wa Waingereza kisheria ulianza 25 Machi. Waraka wa Februari 1640 kwa hesabu yao ni Februari 1641 kwa yetu, ndiyo maana utakuta 1640/1. Usichague tarakimu moja ukaitupa nyingine, nakili zote mbili. Watu wa Ugogo wana njia inayofanana na hii ya kuhesabu kwa tukio. Mzee akisema baba yake alizaliwa baada ya Mtunya, ile njaa kuu ya 1918 hadi 1920, amekupa tarehe yenye nguzo, na kazi yako ni kuiandika kwanza kama alivyoisema, kisha kuitafsiri kwa miaka pembeni.

Sensa na mipaka. Sensa ya England ilianza 1801 na imefanyika kila miaka 10, isipokuwa 1941 wakati wa vita. VCH ina majedwali ya watu wa kila taunishipu. Lakini idadi ikishuka ghafla, usikimbilie kuandika kwamba watu walihamia viwandani. Angalia kwanza kama mpaka ulibadilishwa. Sheria za 1876 na 1882 ziliondoa vipande vingi vilivyokaa mbali na parokia zake na kuviunga na majirani, na watu wakahama kwenye karatasi bila kutoka nyumbani. Hapa kwetu mtego ni uleule. Sensa zetu tangu Muungano ni za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na katikati yake Dodoma Vijijini iligawanywa kuwa Bahi na Chamwino, na Chemba ikakatwa kutoka Kondoa. Vijiji navyo vimegawanyika mara nyingi. Usilinganishe idadi ya kijiji cha 1988 na cha 2022 kabla hujajua ni kitongoji kipi kilijitenga kikawa kijiji.

Kuhusu mipaka kuna jambo ambalo British History Online peke yake haikupi. Fungua tovuti ya ramani ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, nayo ni bure kutazama, ina ramani za England pia. Lancashire na Yorkshire zilipimwa kwa inchi sita kwa maili moja mapema, miaka ya 1840, na unaweza kuiweka ramani ya zamani kando ya picha ya setilaiti ya leo. Kwenye ramani za vipimo vikubwa, ukiusogelea mpaka utaona herufi ndogo kandokando ya mstari. C.S. ni katikati ya kijito. C.R. ni katikati ya barabara. F.W. ni uso wa ukuta. R.H. ni shina la ua wa miti. Und. maana yake mpaka hapo haukuwekwa alama. Tamu kuliko zote ni C.O.C.S., katikati ya mkondo wa zamani wa kijito: maji yamehama, mpaka umebaki pale maji yalipokuwa. Kila anayeujua mgogoro wa mpaka unaofuata korongo la mchanga, korongo ambalo kila masika linakula ukingo mmoja, ataona mara moja kwa nini wapimaji walihitaji herufi hizo nne. Tunashauri kila anayechora mpaka wa kijiji kwa GPS abuni alama zake za namna hiyo, kwa sababu pointi inaonyesha mahali ulipo mpaka lakini haisemi mpaka unafuata nini.

Pengo lingine ni ramani za zaka. Sheria ya 1836 ilibadilisha zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, yakipimwa kwa wastani wa bei za ngano, shayiri na oti za miaka saba. Ili kugawa malipo hayo, maeneo mengi, yakiwamo maelfu ya taunishipu, yalichorewa ramani yenye namba kwenye kila shamba, na jedwali lenye mwenye ardhi, anayeitumia, jina la shamba, linalimwa nini au ni malisho, ukubwa na malipo. Kwa mtu wa historia ya chini kabisa, jedwali hili linazidi fungu lote la mabwana. Mpangaji asiyetajwa popote VCH hapa ana jina lake na uwanja wake. Nakala za taifa ziko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza pale Kew, London, ramani kwa namba IR 30 na majedwali IR 29, lakini kuzisoma mtandaoni mara nyingi kunalipiwa. Cheshire ni ubaguzi mzuri, kaunti hiyo imeweka ramani zake za zaka bure.

Na Cheshire ni mfano wa kwa nini nyota ya tano tumeizuia. Ina taunishipu kwa mamia, lakini VCH haijaandika juzuu za vijiji vyake. Zilizopo ni za mada za jumla na za jiji la Chester. Ukitafuta taunishipu ya parokia ya Great Budworth utatoka mikono mitupu. Westmorland haina juzuu hata moja. Devon ina moja tu, ya 1906. Lancashire kwa upande wake ilikamilika kwa juzuu 8 mwaka 1914. Kwa hiyo kabla hujachagua mahali pa kulinganisha na kijiji chako, hakikisha kaunti imeandikwa. Ushauri wetu: chukua Lancashire kwa ajili ya taunishipu, na usome pia kurasa kadhaa za Wiltshire, Oxfordshire au Staffordshire kwa ajili ya mtindo mpya, kwa sababu juzuu za nusu ya pili ya karne ya 20 zina habari nyingi zaidi za kilimo, shule, serikali za mitaa na watu wa kawaida.

Tofauti hiyo ni kubwa. Juzuu za 1906 hadi 1914 ziliandikwa kana kwamba historia ya mahali ni historia ya hati miliki. Vibarua hawamo, wanawake huingia kama warithi au wajane, na taunishipu isiyokuwa na bwana mkubwa hupewa aya mbili. Juzuu mpya zinakuambia nani alitengeneza barabara. Tangu 1555 kila kaya ya parokia ilidaiwa siku nne za kazi ya barabara kwa mwaka, zikawa sita mwaka 1563, na mfumo huo ukafutwa 1835. Huo ni msaragambo kwa kila hali, pamoja na faini za watoro, na unafuatiliwa kwa madaftari ya wasimamizi.

Je, mpangilio wa VCH uhamishiwe Dodoma kama ulivyo? Hapana, na tunalisema kwa msisitizo. Kuanza na umiliki wa ardhi kunafaa mahali ambapo ardhi ilikuwa na hati tangu karne ya 13. Ugogo, kaya zilihama na mifugo, mtemi alikuwa na mamlaka ya mvua na ardhi bila karatasi, na makazi mengi ya leo yamepangwa na Operesheni Dodoma ya 1971. Anza na maji: kisima, lambo, korongo linalochimbwa mchanga wakati wa kiangazi. Kisha mahame, yaani maeneo watu waliyoyaacha walipopelekwa vijijini. Yaandike kila moja kwa jina lake, koo zilizoishi hapo na alama inayoonekana leo, iwe mbuyu, mawe ya kusagia au udongo wa tembe lililoanguka. Waingereza nao wana mahame yao. Kijiji cha Wharram Percy kule Yorkshire kilichimbwa na wanaakiolojia kwa takriban miaka 40 kuanzia 1950, kwa sababu nyaraka peke yake hazikutosha kueleza watu wake walivyoishi.

Tanbihi lakini zihamishwe zote. Kwa kijiji chetu vyanzo ni cheti cha kuandikishwa, kilichotokana na sheria ya vijiji ya 1975, mihtasari ya mkutano mkuu, cheti cha ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, rejista ya shule ya msingi, na vitabu vya ubatizo. Mpwapwa, ambako wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Anglikana, walifika miaka ya 1870, vitabu vya kanisa vinaweza kukurudisha nyuma kuliko ofisi yoyote. Vitabu vya wilaya vya enzi ya Waingereza viko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mazungumzo na mzee nayo yana tanbihi yake: nani, wapi, tarehe gani, na yeye alilisikia kwa nani. Wazee wawili wa ukoo mmoja wakisema jambo moja, bado huo ni ushahidi mmoja. Tafuta wa ukoo mwingine.

Kwa matumizi ya kila siku, kurasa za maandishi ni nyepesi na hufunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Ramani za ile maktaba ya Scotland ndizo zinazokula bando, hivyo zifungue kwenye Wi-Fi ya chuo, ukate picha ya eneo lako pamoja na kipimo na mwaka wake. Simu inatosha kusoma, ila tanbihi zinasumbua kwa sababu kila ukibonyeza namba unarushwa chini ya ukurasa. Ni nafuu kuhifadhi ukurasa mzima: kwenye Chrome bonyeza vidoti vitatu, kisha shiriki, kisha chapisha, uchague PDF na karatasi ya A4. Tanbihi zitakaa mwishoni, na ukichapa pande mbili steshenari unaweza kuzishika kwa mkono mmoja huku unasoma kwa mwingine. Kabla ya kufunga, nakili ile sentensi ya marejeo iliyo kwenye ukurasa, yenye jina la juzuu, wahariri, mwaka na kurasa. Mwaka utakaouandika kwenye kazi yako ni ule wa kitabu, 1911 kwa Kenyon. Ukiandika mwaka wa tovuti, msomaji atadhani maoni ya karne iliyopita ni ya leo.